Mandolini ya mtumba kwa anayeanza: ninunue ipi ili nikija kuiuza nisile hasara?

Mwana_Ohio

Heshima mbele wakuu. Nipo Columbus, Ohio, na nataka kuanza mandolini kutoka sifuri. Bajeti ni dola 400, humo humo begi na pesa ya fundi. Nataka kupiga taarabu za zamani, na kwa kuwa nipo huku, bluegrass kidogo pia, ule muziki wa asili wa nyuzi wa Marekani. Sijui kama nitadumu nayo, kwa hiyo nataka chombo ambacho nikiamua kukiachia baada ya mwaka au miwili kitauzika haraka na kwa pesa inayokaribia niliyonunulia. Nichukue mpya ya bei rahisi au ya mtumba? Majina gani yanashika bei? Na kwa kuwa sijui kupiga bado, nitaikaguaje?

FundiNyuzi

Mkuu, ya mtumba, na yenye jina linalojulikana. Hasara kubwa ya ala humwangukia mnunuzi wa kwanza. Mandolini ya kiwandani ikishatoka dukani, hata ikiwa haina mkwaruzo, mwenye nayo akiiuza kwa kawaida hupata kama asilimia 60 au 70 ya bei ya dukani. Hapo bei hutulia. Ukiinunua wewe kwa kiwango hicho na kuitunza, utaiuza kwa pesa ile ile au pungufu kidogo.

Kwa dola 400 tafuta Kentucky KM-150 au KM-250, na ikitokea kwa bahati, Eastman MD305. Zote zina umbo la A, yaani kama tone la maji, zina matobo mawili yenye umbo la herufi f, na uso wake ni ubao mzima wa sprusi uliochongwa, si plaiwudi. Hilo la ubao mzima ndilo linalobeba bei. Kitangazoni watu huandika "uso wa sprusi" wakakaa kimya kuhusu mengine. Tazama ukingo wa tobo la f: mistari ya nyuzinyuzi za mbao ikiteremka kutoka juu hadi ndani bila kukatika, ni ubao mzima. Ukiona tabaka tatu zimelazwa kama biskuti ya wafer, ni plaiwudi.

Za plaiwudi kama Rogue RM-100A hazina ubaya wa kujifunzia zikirekebishwa, ila haziuziki. Mpya yenyewe ni bei ya chini, nani atakulipa nauli ya kuisafirisha? Na fundi wa kuirekebisha anakutoza sawa na anayerekebisha Eastman.

Kuhusu pesa ya fundi, iweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Tuseme umenunua kwa 300, fundi 80, nyuzi 12. Ukija kuuza kwa 300 kupitia Reverb, soko la ala la mtandaoni, makato ya soko na ya malipo yakijumlishwa yanakaribia asilimia 8, kwa hiyo zinabaki kama 276. Gharama yako halisi ni dola 116 kwa muda wote uliokuwa nayo. Pesa ya fundi hairudi kwenye bei, lakini mandolini isiyorekebishwa itakuumiza vidole na utaiacha mwezi wa pili.

Risha_Kavu

Naongezea kwa alipoishia Fundi. Usishawishike na umbo la F, lile lenye konokono begani na ncha mbili ubavuni. Lile konokono halitoi sauti, linatoa kazi ya kuchonga. Kiwanda kikiuza F kwa bei ya A, kuna mahali kimebana: mbao, freti (vile vijiti vya chuma vinavyovuka shingo) au mashine za kukazia nyuzi. Ndiyo maana F za dola 250 zisizo na jina ni nyingi mno mitandaoni na hazitoki. Ni kweli wapiga bluegrass hupenda F kwa sababu Bill Monroe, baba wa muziki huo, alipiga Gibson F-5 ya mwaka 1923, na F nzuri huuzika haraka kuliko A nzuri. Lakini hiyo ni habari ya juu ya dola 1,000, si ya bajeti yako.

Lingine ni tobo. Zenye tobo la yai zina sauti laini, inayokaa muda mrefu, na kwa taarabu mimi naona zinafaa kuliko za f. Ila huko uliko soko kubwa ni la bluegrass, na yenye tobo la yai hukaa tangazoni muda mrefu zaidi. Kama kuuza upesi ndiyo shida yako kuu, chukua f. Ukimpata fundi akakuwekea vizuri, mtetemesho wa risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, utatoka tu.

Za Kiitaliano zenye mgongo wa kibuyu, za miaka ya 1890 hadi 1920, zimejaa kwa wauza vitu vya kale kwa dola 80 au 100. Ziache. Nyingi shingo imeshapinda na haina nondo ya kuinyoosha, kulitengeneza shingo kunazidi bei ya chombo, na ukiifunga nyuzi za kawaida za leo uso unazama. Tena baadhi zina bamba la gamba la ng'amba usoni. Ng'amba yumo katika Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuuza nje au kusafiri nayo kunahitaji vibali. Kwa mtu anayewaza kuuza, hilo ni zigo.

Bi_Mshindo

Wakaka mmeongea vizuri, ila hajajibiwa namna ya kukagua. Mdogo wangu, huhitaji kujua kupiga. Beba rula ya milimita, tochi ya simu, programu ya kutuni, yaani ya kuweka nyuzi kwenye sauti zake, na karatasi ya kawaida.

Anza na shingo. Shika mandolini uitazame kutoka kichwani kuelekea darajani, yaani kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso, kama unavyotazama ubao kama umenyooka. Nyuzi ni nane kwa jozi nne: G nene, D, A, na E nyembamba. Kisha bana uzi wa G kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho pale shingo inapoungana na mwili. Uzi sasa ni rula yako. Angalia katikati, karibu na freti ya saba: panatakiwa mwanya mdogo sana, unaopitisha karatasi moja. Mwanya wa milimita nzima maana yake shingo imevutwa na nyuzi. Uliza kama nondo ya ndani ya shingo inazunguka. Kama muuzaji anasema "imeganda" au kichwa chake kimeliwa, ondoka, haijalishi bei.

Sasa pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12. Milimita 1.5 upande wa E na 1.8 upande wa G ni vizuri. Ikiwa 2.5 usikimbie bado, tazama daraja. Madaraja mengi ya mandolini yana gurudumu mbili za kushushia. Kama magurudumu bado yana nafasi ya kushuka, ni kazi ya dakika tano. Kama yameshafika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, basi kiungo cha shingo kimelegea au shingo imeinama mbele. Tazama kisigino cha shingo kinapokutana na mwili: ufa mwembamba wa gundi unaopitisha ncha ya karatasi ni kazi ya mamia ya dola.

Daraja la mandolini halijagundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Watu wengi wanasema "hii haituniki" kumbe daraja limesogea. Pima kutoka nati, yaani kile kipande cha mfupa kati ya kichwa na freti ya kwanza, hadi freti ya 12. Kwa mandolini za mtindo wa Gibson ni kama milimita 176. Kutoka freti ya 12 hadi darajani iwe hivyo hivyo au ipite kidogo, zaidi kwa upande wa G. Halafu tuni uzi wazi, ubane freti ya 12, soma kwenye simu. Ikionyesha juu, daraja liko karibu mno na shingo. Ikionyesha chini, liko mbali. Huo si ubovu, ni nafasi ya kuomba punguzo kwa muuzaji asiyejua.

Ila kama freti ya 12 iko sawa na freti ya kwanza na ya pili zinasoma juu, basi mifereji ya nati haijachimbwa vya kutosha. Hili liko karibu kwenye kila mandolini ya bei ya chini iliyotoka kiwandani bila kupitia kwa fundi, na ndilo linalouma vidole vya wanafunzi kuliko kitu chochote. Jaribu hivi: bana uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, tazama juu ya freti ya kwanza. Pawe na mwanya wa unywele. Fundi huchimba nati kwa faili nyembamba kwa kila unene wa uzi. Usijaribu na wembe, ukipitiliza uzi unaguna ukiwa wazi na nati inabidi ibadilishwe.

Kisha bana kila uzi, freti kwa freti, hadi ya 15. Ikiguna kwenye freti za mwanzo tu, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda nyuma, nondo ikilegezwa kidogo inatoka. Ikiguna juu ya freti ya 10 kuna kilima pale shingo inapoingia mwilini, na hicho ni cha kupiga freti msasa. Tazama pia mashimo ya nyuzi kwenye freti tatu za kwanza. Yakiwa ya kuonekana kwa mwanga wa pembeni tu, yanasawazishwa. Yakiwa yamefika nusu ya kimo cha freti, kubadilisha freti zote huko Marekani ni dola 200 hadi 400, yaani bei ya mandolini yako nzima.

Mwisho ingiza mwanga wa tochi tobo moja, chungulia jingine. Chini ya uso pana miti miwili mirefu iliyogundishwa. Gonga uso taratibu kwa kifundo cha kidole kuuzunguka mzima. Mti ulioachia gundi unasikika kama kitu kinachotetemeka. Na uso ukiwa umebonyea upande mmoja wa daraja, hilo ni zigo jingine la kuacha.

FundiNyuzi

Bi Mshindo kamaliza. Naongeza la mashine za kukazia nyuzi, maana ziko nane na moja ikiharibika watu wanadhani ni kitu cha dola mbili. Zungusha kila kitufe. Ukikizungusha kikakwama halafu kikaruka ghafla, mara nyingi kosa liko kwenye nati inayobana uzi, si mashine. Lakini kama kitufe kinazunguka robo mzunguko kabla uzi haujaitikia, meno yameliwa. Seti huuzwa nzima, nne kila upande, na umbali kati ya mashimo ya kichwani lazima ulingane na ya zamani, la sivyo utatoboa mashimo mapya.

Na mashimo mapya ndiyo sumu ya kuuza. Kutobolewa ubavu kwa ajili ya tundu la waya wa umeme, kupakwa vanishi upya, kuvunjika kichwa kukagundishwa, lebo ya ndani kung'olewa: kila kimoja kinakata bei, na vanishi mpya inakata kuliko zote kwa ala za zamani. Ukibadilisha daraja au mashine, weka za zamani kwenye mfuko ndani ya begi. Mnunuzi wa kesho atazitaka.

Mwana_Ohio

Asanteni sana, dada na wakuu. Nimepata tatu.

Ya kwanza ni Kentucky KM-150, dola 280, ipo hapa hapa mjini na begi gumu. Picha zinaonyesha nyuzi zina kutu na muuzaji anasema "imekaa kabatini miaka".

Ya pili ni F isiyo na jina, rangi ya jua linalozama, dola 220, mpya kabisa.

Ya tatu ni Gibson A ya miaka ya 1910, dola 900, yenye tobo la yai. Inapita bajeti ila kila mtu anasema Gibson haipotezi bei. Nikope?

Risha_Kavu

Usikope. Gibson za kale za A kutoka Kalamazoo, Michigan, ndizo zinazoshika bei kuliko karibu zote za pesa hiyo, hilo ni kweli. Lakini inashika bei mikononi mwa anayejua alichonunua. Za miaka ya 1910 hazina nondo shingoni. Gibson waliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shingo ikipinda, tiba ni kung'oa freti na kuusawazisha ubao, au zaidi. Tena plastiki ya zamani ya bamba la kukinga risha huoza na kutoa mvuke unaokula chuma na vanishi iliyo karibu. Mtu anayeanza hawezi kuona tofauti kati ya Gibson ya 900 iliyo halali na ile ya 900 yenye kazi ya 600 ndani yake.

Ukipata Flatiron ya Bozeman, Montana, iliyotengenezwa kabla au baada kidogo ya Gibson kuinunua kampuni hiyo mwaka 1987, au Kentucky KM-1000 za Japani za miaka ya 1980, hapo kopa. Usiku huo huo.

F ya 220 iache ilale ilipo.

Bi_Mshindo

KM-150, bila kufikiria mara mbili, ila kaikague. Nyuzi zenye kutu zinakufaa wewe: wengi wakiiona picha hiyo wanapita. Ila "kabatini miaka" huko Ohio kuna jambo. Majira ya baridi hita inakausha hewa ya nyumba hadi chini ya asilimia 30 ya unyevu, na ubao mzima ukikauka unasinyaa. Pitisha kidole kwenye ukingo wa shingo: ncha za freti zikikukwaruza, ubao umesinyaa. Hilo ni dogo, fundi anazipiga faili. Lakini ukikuta ufa kwenye uso unaofuata mistari ya mbao, kutoka tobo la f kwenda chini, mwambie akushushie hadi 200 au uondoke. Ufa ulioshonwa vizuri hauathiri sauti, unaathiri bei siku ya kuuza, na wewe umesema bei ndiyo shida yako.

Usikubali apige picha tu. Nenda na pakiti ya nyuzi nyepesi, unene wa inchi 0.010 hadi 0.038. Omba ubadilishe jozi moja, ya A, palepale. Muuzaji mwenye nia ya kuuza hakatai.

Na siku ukibadilisha zote, badilisha jozi moja moja, usizitoe nane pamoja. Ukizitoa zote, daraja linadondoka na utakuwa umepoteza nafasi yake.

Pwani_Bara

Mwana Ohio, kama una nia ya kurudi nayo nyumbani siku moja, kuna mambo mawili. Ubao wa vidole wa rozwudi usikutie hofu. Mwaka 2017 miti yote ya jamii hiyo, hata mpingo wetu, iliingizwa kwenye Kiambatisho cha pili cha CITES, lakini tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa. Kinachobaki na masharti makali ni rozwudi ya Brazili, na KM-150 haina.

La pili ni hewa. Ukanda wa Mombasa, Tanga na Zanzibar unyevu hupita asilimia 70 mara nyingi, kinyume cha nyumba yenye hita. Uso unavimba, nyuzi zinapanda juu, na utajikuta unashusha magurudumu ya daraja. Pakiti za jeli ya kufyonza unyevu ndani ya begi gumu zinasaidia, alimradi uzikaushe au uzibadilishe. Kuiacha ndani ya gari juani ndiko kunakolegeza gundi ya kiungo cha shingo.

Soko la huku ni dogo na wanunuzi ni wachache, lakini kuna jambo watu wanasahau: mandolini hutuniwa G D A E sawasawa na fidla. Kila mpiga fidla wa taarabu anaweza kuishika mandolini yako akapiga siku hiyo hiyo mkono wa kushoto ukiwa uleule. Wanunuzi wako huku ni hao, na hao hawauliziani F wala A. Wanataka ituni na nyuzi ziwe chini.

FundiNyuzi

Nimalizie la kuuza kwa posta, kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza faida yote. Legeza nyuzi zishuke sauti toni moja au mbili, usizilegeze kabisa maana daraja litaanguka na kuchuna uso njiani. Weka kitambaa laini chini ya nyuzi pande zote mbili za daraja, na kingine chini ya bamba la chuma linaloshika nyuzi mwishoni. Jaza nafasi chini ya kichwa ndani ya begi ili kichwa kisining'inie. Boksi likidondoka, kichwa kinachoning'inia huvunjika shingoni. Begi liingie kwenye boksi lenye nafasi ya inchi mbili kila upande, lijazwe karatasi zilizobanwa. Na ukiwa wewe mpokeaji, wakati wa baridi usilifungue boksi likiwa bado na baridi ya nje. Liache ndani hadi kesho yake. Vanishi iliyoganda ikikutana na joto ghafla hupasuka mistari midogo uso mzima, na hakuna fundi wa kuifuta.

Bei ya kutangaza usiichukue kwenye matangazo mengine, wanaotangaza wanaota. Kwenye Reverb kuna bei za zilizouzwa kweli. Chukua za miezi sita ya karibuni, zenye hali kama yako, na uweke katikati. Risiti ya fundi ipige picha uiweke kwenye tangazo, pamoja na lebo ya ndani, serial namba, freti tatu za kwanza kwa karibu, na rula ikiwa imesimama kwenye freti ya 12.

Mwana_Ohio

Nimeenda. Shingo imenyooka, karatasi inapita pale pale kwenye freti ya saba. Ncha za freti zinakwaruza kidogo, hakuna ufa. Freti ya kwanza inasoma juu kwenye nyuzi zote. Anataka 280, nimemwambia 240 kwa sababu ya nati na freti.

Bi_Mshindo

Akikataa 240, toa 255 na uichukue. Nati na ncha za freti zote fundi anazimaliza kwa ile 80.